Pimamaji

Tela letu lilifika Newala alasiri,
likivutwa na Landrova yenye kikohozi,
likaegeshwa nyuma ya zahanati, kwenye mchanga
ambao juu ni ngozi na chini ni unga.

Mimi ndiye mtu wa miguu.
Daktari ana macho ya watu, Sista Tekla ana dawa,
dereva Likapa ana maneno;
mimi nina jeki nne za pembeni, kabari, vipande vya mninga,
na suruali iliyokwisha magotini.

Mwaka wa kwanza nilikosea.
Nilizungusha jeki kama anyanyuaye lori,
nikaona magurudumu yamepumzika, nikajisifu.
Usiku upepo ukapanda kutoka bonde la Ruvuma,
ukapiga ubavu wa bati,
na mguu wa nyuma ukajikunja
kama wa ndama aliyezaliwa asubuhi.
Tangu hapo najua: mguu huu haubebi, hutuliza.
Mzigo ni wa magurudumu.
Wengi huyachanganya mambo hayo mawili,
hata majumbani mwao.

Basi, usawa kwanza.
Pimamaji langu liliibwa Masasi
(au nilimwazima mtu, sitaki ugomvi),
kwa hiyo naweka sahani ya maji sakafuni.
Foleni nzima ilicheka.
"Huku juu maji hupimwa kwa ndoo, binti,
kwa ndoo na kwa bei," alisema Bi Nambaya,
wa kwanza kufika, mtoto wa jicho macho yote mawili.
"Nawe unayapima kwa kuyatazama?"
Lakini ni yeye aliyepapasa dumu lake
akanimiminia nusu kikombe.
Sikumwaga tone.

Maji yakaegemea kaskazini.
Nikasukumia ubao chini ya gurudumu la upande huo.
Sogea, Likapa. Kidogo. Kidogo. Basi.
Nimesema basi!
Kabari mbele, kabari nyuma,
ndipo miguu minne ikashuka juu ya mbao
mpaka iguse, kisha robo ya mzunguko,
kama kufunga mbeleko:
ikaze, isimuumize mtoto.

Likapa akaingia, akaruka ruka kujaribu.
Maji yakakunja uso, yakakunjua.
Akatoka. Maji yakatikisika tena.
Nikalala chali chini ya ekseli na tochi mdomoni,
nikakaza nati, nikakagua springi, nikatukana kimoyomoyo.
Kumbe mbuzi wa mwalimu mkuu
anajikuna mgongo kwenye ndoano ya kuvutia.

Saa nne walimlaza Bi Nambaya.
Daktari hakusema mengi. Alisema, "Sasa,"
na Sista akatoa kichwa dirishani, akainua kidole.
Foleni ikanyamaza. Mbuzi alishafukuzwa.
Hata Likapa aliyameza maneno yake,
na sijui aliyaweka wapi.

Mimi nilikuwa chini, kiganja juu ya chuma.
Kupitia mguu ule nilisikia hatua mbili za Sista,
kiti kikisogezwa, kitu kikiwekwa kwenye trei,
halafu mapigo, nadhani yangu mwenyewe.
Halafu hapakuwa na kitu.
Nikakaa na hicho kisicho kitu dakika ishirini
kama mtu aliyeshikishwa yai la mwenziwe.

Kesho yake bendeji ilifunguliwa mlangoni.
Bi Nambaya alipepesa, akaiangalia anga,
akamwangalia Likapa, hakusema lolote juu yake.
Sahani yangu ilikuwa bado pale sakafuni,
maji yake yamepungua ukingoni.
Aliinama, akaitazama kwa muda mrefu.
"Binti," akasema, "sahani yako ina ufa."

Mwaka wa tatu huu ninaitumia.
Nikaimwagia kuku maji, nikaigeuza juani.
Kweli. Ina ufa.